Tulivyokuwa Tukishuka Nyasa

Siku hizi mtu anakunywa chai Mbinga mjini, anapanda gari, na kabla ya saa ya chakula cha mchana ameshaogelea Ziwa Nyasa. Ni kilometa 67 za lami, kona juu ya kona, zenye mitaro ya zege na vyuma vya kuzuia magari yasitumbukie bondeni. Aprili 2019 Rais John Magufuli aliweka jiwe la msingi la barabara hiyo, iliyojengwa kwa fedha za Benki ya Maendeleo ya Afrika. Wanaoipita sasa husimama kila kona kupiga picha. Mimi niliizoea mwishoni mwa miaka ya 1970 na mwanzoni mwa ile ya 1980, ilipokuwa njia ya udongo mwekundu. Nikarudi kuipita mwaka 2024, mdogo wangu akiendesha na binti yangu akiwa kiti cha nyuma. Binti huyo kazaliwa Dar es Salaam na alikuwa hajawahi kufika kwao.

Kwetu ni Umatengo, upande wa Litembo, kwenye milima inayokaribia mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Juni na Julai baridi ya huko haina masihara. Nyumba za ukoo mmoja zilikaa kwenye mgongo mmoja wa mlima, vijito vikipita chini yake huku na huku. Eneo hilo ndilo ntambo, na kila ntambo lilikuwa na wenyewe. Babu alikaa kwenye sengu, mahali ambapo wanaume wa ukoo walikula pamoja, na chakula kikiisha yalianza maneno: nani kaazima shamba la nani, kijana gani amefikia kuoa, mbuzi wa nani amekula maharage ya jirani. Sisi watoto tuliruhusiwa kusikiliza, si kufungua mdomo. Hapo ndipo niliposikia habari za mwaka 1902, Wamatengo walipopigana na Wajerumani huko huko Litembo na watu wakajificha mapangoni. Babu alizisimulia kama mtu aliyekuwepo, kumbe aliyekuwepo ni baba yake.

Shamba la mama lilikuwa kwenye mteremko ambao mgeni angeupanda kwa mikono na miguu. Huko hakulimwi matuta ya kawaida, hulimwa ngoro. Mwezi Machi, mvua zikielekea mwisho, baba na kaka zake walifyeka nyasi kwa nyengo, wakaziacha zikauke, kisha wakazipanga kwa mistari ya kushuka na ya kukingama mpaka mteremko wote ukawa miraba. Kazi yao iliishia hapo. Mama aliingia katikati ya mraba na jembe, akachimba udongo na kuutupa juu ya nyasi pande zote nne, tuta likainuka kila upande na katikati pakabaki shimo. Akamaliza huo, akaingia unaofuata. Maharage yalipandwa juu ya matuta, na msimu wa mbele ukawa wa mahindi. Mvua ikinyesha, maji hutuama shimoni badala ya kuporomoka na udongo, na zile nyasi zilizofukiwa huoza zikawa mbolea. Miaka ya 1990 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Sokoine na wenzao kutoka Japani walikuja kuyachunguza mashimo haya, wakayasifu kwa namna yanavyohifadhi ardhi. Walistahili kuyasifu. Ila migongo ya waliochimba sijasikia kama kuna aliyeipima.

Fedha zilitoka kwenye kahawa. Julai 1975 baridi kali iliunguza mibuni ya Brazil, bei ikapanda dunia nzima, na kufikia 1977 hata sisi wa mlimani tulijua kuna nchi inaitwa Brazil. Bati zikaanza kung'aa mahali palipokuwa na nyasi. Baba mkubwa alinunua redio ya betri nyingi, akawa anaiweka nje jioni ili majirani wote wasikie taarifa ya habari. Kama Umatengo uliwahi kujisikia tajiri, ilikuwa miaka ile miwili mitatu.

Mwaka 1978 baba alipewa uhamisho. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Mpango wa elimu ya msingi kwa wote ulikuwa umeanza, madarasa yamejaa kila mahali, na walimu walihamishwa bila kuulizwa. Barua ilisema Nyasa, jirani na Mbamba Bay. Mama alilia. Kwa watu wa mlimani Nyasa palikuwa mahali pa homa na mamba, na juu ya hayo watu wa kule walikuwa Waanglikana. Hili la mwisho lina historia yake. Mlimani dini ililetwa na Wabenediktini waliofika Peramiho mwaka 1898 na Kigonsera mwaka uliofuata. Pwani ya ziwa ililelewa na misheni ya Kianglikana ya UMCA kutoka kisiwa cha Likoma, ambayo meli yake, Chauncy Maples, iliingizwa majini mwaka 1901. Watu wa ukoo mmoja waliweza kusali tofauti kwa sababu tu mmoja alizaliwa juu na mwingine chini.

Tulishuka kwa lori la mizigo. Mama na mtoto mchanga walipata nafasi mbele kwa dereva, sisi wengine tukapanda juu ya magunia ya mahindi pamoja na kuku, vitanda na mama mmoja aliyekuwa akitapika tangu Mbinga. Utingo hakukaa ndani kabisa. Penye mteremko alikimbia kando ya gari akiwa na kipande cha gogo, na kila dereva alipopunguza mwendo alikisukuma chini ya tairi. Tulipofika Mlima Ambrose abiria wote tuliamriwa kushuka tutembee. Lori likatangulia likiyumba, tairi moja ikining'inia ukingoni, nasi tukafuata nyuma tukimeza vumbi. Bibi mmoja alitembea huku anasali rozari kwa sauti. Kila tulipozidi kushuka tulivua nguo: kwanza sweta, halafu shati la juu, mwisho viatu. Mikaratusi na mibuni ikabaki nyuma, tukaingia miombo, kisha ikaanza miembe na mikorosho. Halafu kwenye kona moja ziwa likatokea, na watoto wote tukanyamaza. Tulikuwa hatujawahi kuona maji yasiyo na upande wa pili.

Njiani tulipishana na kina mama waliokuwa wakipanda. Walikuwa wakitembea mmoja nyuma ya mwingine, vikapu vya usipa mkavu kichwani, wakienda kubadilishana na maharage na mahindi ya Umatengo. Walikuwa wamelala njiani na wangelala tena. Biashara nzima kati ya mlima na ziwa wakati ule ilikaa juu ya vichwa vyao, kwa sababu lori halikuwa na siku maalumu na nauli yake ilikula faida.

Nilidhani tungeichukia Nyasa, lakini kufikia mwezi wa pili nilikuwa siivai tena sweta wala siitaji baridi. Nilijifunza kupiga kasia kwenye mtumbwi wa gogo moja, ambao ukikaa vibaya unakutupa majini bila kukuuliza. Usiku taa za karabai za wavuvi wa usipa zilitanda ziwani, na asubuhi ufuko mzima ulimeta samaki walioanikwa. Tulikula ugali wa muhogo, ambao mama alichukua muda kuukubali. Sikukuu zilikuwa za mganda. Vijana walijipanga kwa kaptula nyeupe na soksi ndefu, kiongozi na filimbi yake mbele, ngoma kubwa katikati, na wengine wakipuliza vibuyu vilivyotoa sauti ya mivumo kama bendi ya jeshi. Wazee walisema ngoma ile ilizaliwa baada ya Vita Kuu ya Kwanza, watu waliporudi na gwaride vichwani mwao. Kina mama walicheza kioda. Pwani hiyo hiyo ndiyo ilimtoa Kapteni John Komba wa Lituhi, ambaye taifa lilimjua kwa nyimbo za chama na kundi la TOT mpaka alipofariki mwaka 2015. Aliyewahi kuona mganda hakushangaa Komba alitoa wapi ile amri ya sauti yake.

Hiyo Vita Kuu ya Kwanza pia ilianzia mlangoni petu, kwa upande wa ziwa. Agosti 1914 manowari ndogo ya Waingereza, Gwendolen, ilivuka kutoka Nyasaland ikaifyatulia mizinga meli ya Wajerumani, Hermann von Wissmann, iliyokuwa imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo pale Liuli. Wajerumani waliuita mji huo Sphinxhafen kwa sababu ya jiwe kubwa linalofanana na lile sanamu la Misri, na wenyeji wanaliita Pomonda. Nahodha wa Kijerumani alikuwa hajapata habari kwamba vita vimeanza. Yeye na nahodha wa Kiingereza walikuwa marafiki, na inasemekana alikwenda kwa mashua kumfokea mwenzake akidhani amelewa, akaishia kutekwa. Mzee mmoja jirani yetu alisimulia kisa hiki kila alipokuwa na pombe kichwani, naye alikuwa na huruma zote kwa yule Mjerumani.

Nasi tulikuwa na meli yetu. Ilitoka Itungi, Kyela, ikapita Lupingu, Manda na Liuli ndipo ifike Mbamba Bay, na safari nyingine ikavuka mpaka Nkhata Bay, Malawi. Ikionekana tu, shule nzima ilipoteza utulivu, na baba aliacha kufundisha hesabu maana aliongea peke yake. Penye bandari zisizo na gati mitumbwi iliizunguka meli, watu wakirushiwa mizigo na watoto wakipokelewa mkono kwa mkono. Ndiyo iliyoleta sukari ilipokuwepo. Baada ya vita vya Kagera haikuwepo mara nyingi, wala sabuni. Wengi walitegemea ndugu zao wa ng'ambo, kwani ramani iseme isemavyo, watu wa pande mbili za ziwa waliozana. Serikali zilikuwa na ugomvi wao wa mpaka: Malawi ikisema ziwa lote ni lake kwa mkataba wa Waingereza na Wajerumani wa mwaka 1890, Tanzania ikisema mpaka upo katikati. Sabuni ilivuka bila kusoma mkataba. Mwaka 1983, wahujumu uchumi walipokuwa wakisakwa nchi nzima, mama alizika miche miwili ya sabuni ndani ya debe la unga wa muhogo. Ugali wa siku zilizofuata ulikuwa na harufu ambayo hatukuruhusiwa kuitaja mezani.

Ziwa lenyewe nalo lilikuwa na lake. Mwaka 1979 na 1980 maji yalipanda kuliko wazee walivyokumbuka. Nyumba zilizokuwa mbali na ufuko zikajikuta zinapigwa mawimbi, miembe ikasimama ndani ya maji, na samaki wadogo wakaogelea mahali tulipokuwa tukichezea mpira. Familia zilihamisha milango na madirisha kwanza, kuta wakaziachia ziwa.

Sasa nifike kwenye lile lililonifanya nishike kalamu.

Ilikuwa mwaka 1981, mwezi wa saba. Huo ni msimu wa mwera, upepo wa kusini unaovuma mfululizo, ziwa likawa jeupe mpaka upeo wa macho. Rafiki wa mama, tuliyemwita Mama Mdogo ingawa hatukuwa na undugu naye, alishikwa na uchungu jioni. Mpaka asubuhi mtoto alikuwa hajatoka. Mkunga aliyemhudumia alisema anahitaji kupasuliwa, na njia zilikuwa mbili tu: hospitali ya misheni Liuli kwa maji, au Mbinga kwa gari. Wanaume wanne walimlaza kwenye mtumbwi mkubwa wakaondoka. Tuliwaona wakipanda wimbi na kupotea, wakipanda na kupotea, mpaka walipofika penye rasi. Hapo mtumbwi uliingiwa na maji, wakageuza. Walirudi wakimshikilia mama yule aliyelowa chapachapa.

Lori lilikuwepo, lakini lilikuwa juu, Mlima Ambrose, limekatika ekseli siku kadhaa likingoja kipuri kutoka Songea. Wazee walikaa kwa dakika chache sana, wakaamua: watambeba mpaka kwenye lori, kwa kuwa dereva alikuwa ametuma habari kwamba kipuri kinafika siku hiyo. Wakachukua fito mbili na shuka, wakafunga machela. Baba alikuwa mmojawapo wa wabebaji. Mimi nilikuwa na miaka kumi na mitatu, nikapewa chemli nitangulie kuwaangazia njia, maana giza lilishaingia.

Nakumbuka mambo madogo kuliko makubwa. Walipokezana mabega bila kusimama, mmoja akiingia chini ya fito kabla mwingine hajatoka. Hakuna aliyeongea, ila penye jiwe aliyetangulia alisema "jiwe," na wa nyuma akasema "jiwe." Mama Mdogo mwanzoni aliomba maji. Baadaye akaniambia nisiiinue taa juu sana, inamuumiza macho, nikaishusha. Muda mrefu baada ya hapo hakusema kitu, na nilidhani amelala. Tulipofika kwenye lori, dereva na utingo walikuwa wameota moto pembeni. Kipuri kilikuwa hakijafika. Baba alinyang'anya chemli mikononi mwangu, akamsogelea usoni, kisha akaizima. Utingo alipanda juu ya gari bila kuagizwa, akafungua turubai la mizigo na kulileta wamfunikie. Kulipopambazuka tukamteremsha mlima ule ule. Walimzika na mtoto wake ndani.

Nilikwenda sekondari Songea, kisha mjini, na mjini nikawa mtu wa kusimulia uzuri wa kwetu. Watu wa Ruvuma tulioko Dar tuna ugonjwa huo. Tukikutana msibani au harusini tunaanza: ile njia, yale malori, wale abiria wakiimba juu ya magunia, watu walikuwa na upendo, siku hizi kila mtu na lake. Nami nimecheka na kuitikia mara nyingi. Lakini kila mara tukifika Mlima Ambrose kwenye simulizi huwa natoka nje kidogo.

Safari ya mwaka 2024 sitaisimulia yote. Kutoka Dar mpaka Songea ni barabara ambayo Watanzania wengi wanaijua. Sehemu ya Makambako mpaka Songea ina lami tangu miaka ya 1980, kwa msaada wa Waingereza. Ile ya Peramiho mpaka Mbinga ilikuja baadaye sana, kwa fedha za Mfuko wa Changamoto za Milenia wa Marekani. Upande wa Kitai tulipishana na malori ya makaa ya mawe kutoka Ngaka, makubwa kiasi kwamba mdogo wangu aliingia pembeni kila alipoyaona. Mbinga mjini sikupatambua. Bodaboda zimejaa mahali tulipokuwa tukisubiri lori, na maghala ya kahawa yako hai tena. Kahawa ya Mbinga imepitia mengi. Mwaka 1989 makubaliano ya kimataifa ya kugawana soko yalivunjika, bei ikaanguka, na wapo ndugu zangu walioiacha mibuni iote magugu huku wakilima mahindi katikati yake. Waliovumilia sasa wanauza kupitia vyama vya msingi, na watoto wa shule wanajua bei ya kilo kuliko mimi.

Litembo tulimkuta shangazi, dada yake baba, ameshapita miaka themanini. Ngoro bado zipo, nilizihesabu kwa macho upande wa pili wa bonde mpaka nikachoka. Sengu ya babu haipo. Vijana wa ukoo wanakutana penye kibanda cha kuonyesha mpira. Binti yangu aliamkia shikamoo, akakaa miguuni pa bibi yake, akasema alisikia zamani watu walishuka Nyasa kwa miguu na kwamba lazima ilipendeza sana. Nadhani alinisikia mimi.

Shangazi alimtazama, akavuta khanga akafunua magoti. Yalikuwa yamevimba, la kushoto limepinda kwa ndani.

"Haya ndiyo Nyasa yangu, mjukuu wangu," alisema. "Nimebeba maharage kushuka, nimebeba samaki kupanda. Baba yako alipanda lori."

"Sasa lami imekuja, bibi."

"Imekuja mimi siwezi kutembea."

Alicheka mwenyewe, nasi tukacheka kwa kuwa alicheka.

Kesho yake tulishuka. Mdogo wangu alizaliwa mwaka 1982 na hajui habari za chemli. Tulipofika Mlima Ambrose gari lilishuka kwa gia ya tatu bila shida, kiyoyozi kikivuma, na yeye akawa anasifu mkandarasi wa Kichina kwa kona zilizopimwa vizuri. Nilimwomba asimame. Nilitafuta mahali lori lilipolala. Mlima umechongwa, miamba imepasuliwa, njia ya zamani imebaki mkanda wa vichaka chini ya ile mpya. Kijana wa bodaboda alisimama kutuuliza kama tumeharibikiwa. Nikamwambia hapana. Ndipo, tukiwa tumesimama pale, nikawasimulia wote wawili. Mdogo wangu alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali moja tu: mbona baba hakuwahi kusema? Sikuwa na jibu, na baba hayupo wa kuulizwa.

Mbamba Bay tangu mwaka 2012 ni makao ya wilaya mpya ya Nyasa, iliyokatwa kutoka Mbinga. Kuna nyumba za wageni zenye madirisha yanayotazama ziwa, ujenzi wa bandari mpya ulikuwa umeshaanza, na meli inayozungumzwa ni MV Mbeya II. Ziwa lilikuwa limepanda tena mwaka huo wa 2024, na wazee wakawa wanalinganisha na ule wa 1980. Reli ya kutoka Mtwara bado inazungumzwa, kama ilivyozungumzwa nikiwa mtoto. Ufukweni niliongea na mama mmoja aliyekuwa akianua usipa. Nilimuuliza kama lami imemsaidia. Alisema imesaidia na imeumiza. Zamani yeye na wenzake ndio waliowapeleka samaki mlimani na bei wakaipanga wao. Sasa wanunuzi wanakuja na magari usiku, wanazungumza na wenye mitumbwi moja kwa moja, na samaki wanalala Songea au wanafika Dar. Kina mama wamebaki kuokota na kuanika wanaobaki. Ni hasara ya kweli, na wilaya ingefaa iitafutie dawa, walau soko lenye barafu ambalo kina mama wenyewe wanalimiliki. Lakini nilipomuuliza kama angetaka njia ya zamani irudi, alinitazama kama mtu aliyepungukiwa akili. Binti yake alijifungulia Mbinga mwaka uliotangulia, kwa upasuaji, akapelekwa usiku kwa gari la kukodi.

Kwa hiyo nawaomba wenzangu wa Umatengo na Unyasa tulioko mijini tuache kuililia ile barabara. Waliokaa juu ya magunia wakiimba walikuwepo, nami nilikuwa mmoja wao. Walikuwepo pia waliobebwa kwa machela, na hao hawakubaki kusimulia. Barabara ya Mbinga kwenda Mbamba Bay imechelewa, kwa hesabu ya watu niliowafahamu mimi, miaka arobaini mizima. Na kazi bado. Kutoka Mbamba Bay kwenda Liuli, iliko ile hospitali ambayo mtumbwi haukuifikia, tulipita kwenye vumbi na makorongo, na mwenyeji wetu akatuambia masika magari hukwama. Waijenge nayo.